Ombi la Kurudishiwa Dirisha Langu

Kwa Ndugu Mhariri,
Ukurasa wa Nyumba na Familia.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAKALA YENU YA MICHE, PAMOJA NA OMBI LA KURUDISHIWA DIRISHA

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na wote mnaoketi chumba kimoja, na kwamba chumba hicho kina dirisha, na kwamba dirisha hilo ni lenu. Mimi afya ninayo. Dirisha sina, na hiyo ndiyo sababu ya kukuandikia.

Kabla sijalalamika, niseme kwamba gazeti lenu nimelisoma tangu nikiwa msichana wa sekondari. Mama yangu ni muuguzi. Zamu ikiisha hulichukua gazeti lililoachwa kwenye benchi la wagonjwa, akalileta nyumbani likiwa limekunjwa ndani ya mkoba pamoja na viatu vyake vya kazi. Kwa hiyo huwa tunawasoma mkiwa mmechelewa kidogo na mnanuka dawa, lakini tunawasoma kwa moyo wote. Sijawahi kuwaandikia. Hata mlipochapisha fumbo la maneno ambalo majibu yake hayajatoka hadi leo, nilinyamaza. Safari hii nimeshindwa.

Nazungumzia makala yenu iliyoitwa "Otesha Miche Ndani ya Nyumba Bila Kutoboa Mfuko", ya mwandishi anayejiita Bwana Miche. Ni nusu ukurasa, chini ya tangazo la magodoro. Anaeleza kwamba hata mtu asiye na fedha anaweza kuotesha mboga zake ndani, kwa vitu vya bure, ili mvua zikianza apeleke bustanini miche iliyokwisha kushika nguvu badala ya kuanza na mbegu. Maneno mazuri. Sina ugomvi na maneno. Tatizo ni nani aliyeyasoma.

Aliyeyasoma ni Baba.

Baba alikuwa mtunza bohari wa idara ya barabara maisha yake yote ya kazi. Koleo, misumari, ndoo za rangi nyeupe ya kuchorea mistari, buti za mpira: vyote vilipita mikononi mwake, na hakuna hata kimoja kilichotoka bila saini. Mwaka jana alistaafu. Tangu hapo alikuwa akizunguka ndani kama mtu aliyeitwa chumba fulani, akafika na kusahau alichoitiwa. Alilipanga upya kabati la jikoni, kila kitu kwa ukubwa wake na kwa tarehe ya kuingia, mpaka Mama akamwambia, "Mzee wangu, mimi na chumvi hatujaonana tangu Jumatatu. Nijaze fomu gani?" Kwa hiyo nilipomwona ameinamia nusu ukurasa wenu na kalamu mkononi, nilifurahi. Nilisema moyoni, angalau amepata kitu cha kumsogezea mchana. Ndugu Mhariri, amepata.

Mimi ni binti yake, niliyebaki nyumbani baada ya wenzangu kuolewa na kuhama. Naandika tasnifu ya shahada ya pili katika falsafa, kuhusu haki ya mtu kuwa peke yake. Sura nyingine zote zimekubaliwa. Imebaki ya mwisho, na isipomfikia msimamizi wangu kabla mwezi huu haujaisha, nitarudia mwaka mzima. Sura hiyo naweza kuiandika mahali pamoja tu: mezani pangu, chini ya dirisha la chumba changu, asubuhi, mlango umefungwa. Mimi si mtu wa kufikiri penye watu. Kuna wanaofikiri wakiongea. Mimi nikiongea, wazo linaondoka kama mgeni aliyesikia watu wakigombana ndani. Naomba sasa niyapange malalamiko yangu kwa namba, kama nilivyofundishwa, ili usije ukasema nimeandika kwa hasira.

1. KUHUSU VYOMBO. Bwana Miche ameandika: "Usinunue vyungu. Tumia vyombo ulivyo navyo." Hakusema viwe vitupu. Baba alipita nyumba nzima akikagua, akaona kwamba vyombo tunavyo vya kutosha, ila karibu vyote vina kitu ndani. Kikombe cha mtindi ni cha bure, lakini mtindi uliomo lazima mtu aunywe. Trei ya mayai ni ya bure, lakini mayai hayaondoki yenyewe. Basi tukaanza kula kwa ajili ya vyombo. Asubuhi mayai, mchana mayai, jioni mayai na mtindi wa kusukumia. Baba alikuwa akisimama nyuma ya kiti changu akinitazama nikimeza, kama fundi anayesubiri saruji ikauke. "Malizia, mwanangu. Hicho ndicho cha bilinganya." Mama alivumilia kwa muda, kisha akaweka kijiko chini na kusema, "Mzee, mimi kutwa nawaambia watu wapunguze mayai. Siku wakija kunitembelea hapa wataniuliza nilisomea wapi."

Bwana Miche akaongeza kwamba kila chombo kitobolewe chini ili maji yatoke. Baba akauchoma msumari kwenye jiko, akaanza na vikombe, akaendelea kwa furaha, na alipokuja kusimama alikuwa ameshatoboa na jagi letu la maji ya kunywa. Sasa tuna jagi ambalo ni lazima ulikimbize mezani. Kopo langu la kalamu nalo limeitwa kazini. Kalamu zangu zinaishi ndani ya soksi.

2. KUHUSU DIRISHA, ambalo ndilo moyo wa barua hii. Makala yenu inasema miche iwekwe "penye mwanga wa kutosha". Mtu mwingine angetazama. Baba alipima. Alikaa mbele ya kila dirisha la nyumba yetu, asubuhi moja kwa kila dirisha, na kikombe cha chai, akiangalia ni wapi chai inachelewa kupoa. La sebuleni linatazama ukuta wa jirani. La jikoni lina masizi. La chumbani kwao linapata jua la jioni tu, na Baba anasema jua la jioni limeshachoka. Langu lilishinda, na mimi sikujua hata kama kulikuwa na mashindano. Nilikuwa nikidhani kwamba Baba, kwa mara ya kwanza maishani, amekuja kunywa chai na mimi.

"Chumba ni chako, mwanangu, hilo sijakataa," aliniambia, trei ikiwa tayari mikononi. "Mimi nahitaji dirisha tu." Ndugu Mhariri, mimi nimesomea mambo ya hoja. Nilijua hoja hiyo ina kasoro mahali fulani, lakini kabla sijaiona, trei ilikuwa imeshatua juu ya sura yangu ya mwisho.

Sasa naandikia kwenye ubao wa pasi, kwenye ujia, kati ya choo na jikoni. Ubao wa pasi ni mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, na hoja zangu nazo zimeanza kuwa hivyo. Mama akitaka kunyoosha sare yake, falsafa inasubiri.

3. KUHUSU MAJI. Bwana Miche anaonya kwamba mche mchanga ukimwagiwa maji kwa kikombe unaanguka na hauinuki tena, kwa hiyo unyunyiziwe kama ukungu. Hatukuwa na chupa ya kupulizia. Anayo kinyozi wa chini, ambaye duka lake liko chini ya chumba changu. Kununua ni kutoboa mfuko. Kuazima si kutoboa. Makubaliano yao ni kwamba chupa inakaa juu asubuhi na chini mchana. Lakini vichwa vya watu havifuati makubaliano. Kila mara nasikia miguu ikipanda ngazi, mlango unagongwa, na kinyozi anachungulia na shanuo sikioni: "Samahani, dada. Mzee, naomba chupa, nina mteja kanyolewa nusu." Baba anamwambia asubiri amalizie safu. Kinyozi anasubiri. Akiwa anasubiri anatoa maoni. Siku nyingine na yule mteja wa nusu kichwa hupanda naye, kitambaa kimefungwa shingoni, na yeye anatoa maoni. Nimewahi kusimama kwenye mlango wa chumba changu mwenyewe nikishindwa kuingia kwa sababu kulikuwa na foleni.

4. KUHUSU JOTO. Mbegu nyingine zote ziliota bila shida. Pilipili zilikataa. Makala yenu inasema pilipili hupenda joto, "hasa juu ya friji au mahali popote penye uvuguvugu". Juu ya friji palikuwa pameshajaa. Baba akazifunga mbegu ndani ya kitambaa kibichi, akakitia kwenye mfuko wa nailoni, akauweka kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, akatembea nazo. Alikwenda nazo kwenye mkutano wa wastaafu. Rafiki yake wa miaka mingi alipofungua mikono kumkumbatia, Baba alirudi nyuma na kusema, "Taratibu bwana, nina pilipili." Habari hiyo ilitufikia nyumbani kabla yake.

Hilo lingekuwa lake na mfuko wake. Lakini alipoona hazioti aliamua kwamba tatizo ni yeye kutembea sana. Akanijia pale kwenye ubao wa pasi, akanitazama kwa muda, kisha akasema kwa upole wote aliojaliwa: "Mwanangu, wewe unakaa tu. Kutwa nzima. Kuku naye huwa anakaa, lakini kuna faida." Nimeandika kurasa kadhaa za tasnifu kuhusu haki ya mtu kuwa peke yake nikiwa nimekalia pilipili za baba yangu. Zimeota. Hiyo ndiyo inayouma. Zimeota vizuri sana.

5. KUHUSU MGENI WANGU. Hapa naomba unisome kwa siri, ingawa najua unachapisha. Kuna kijana mmoja, mpima ardhi, ambaye tumekuwa tukizungumza kwa muda. Alikuja kwetu kwa mara ya kwanza, amenyoosha shati, ameleta matunda. Kumbe wiki hiyohiyo Baba alikuwa amefika pale Bwana Miche anapoandika kwamba miche ya ndani haina upepo, kwa hiyo inakua milegevu, na dawa yake ni kuipapasa kila siku kwa kiganja, juu juu, ili mashina yakaze. Mgeni hakuulizwa kwao ni wapi wala anakusudia nini. Aliwekewa trei magotini. Baba akakaa mkabala akiangalia mikono. Baada ya muda Baba akaniambia mimi, si yeye, "Ana mkono mwepesi. Lakini anaharakisha ya pembeni."

Tangu siku hiyo mpima ardhi anakuja mara kwa mara, na sina hakika anamjia nani. Zamani alikuwa akiniandikia asubuhi kuniuliza nimeamkaje. Siku hizi anauliza, "Wale wa nyuma wameamkaje?"

6. KUHUSU LEBO. Nusu ukurasa wenu unasisitiza, kwa herufi nzito, kwamba kila chombo kiwekewe lebo. Kwa mtunza bohari neno hilo ni kama muziki. Baba alikata vijiti, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa kazini, akachomeka kijiti kwenye kila chombo. Ni baada ya miche kutoka ndipo Mama alipovaa miwani na kusoma kwa sauti: "Kikombe, plastiki, cheupe, kimoja." Kingine: "Ganda la yai, kahawia, zima." Kingine: "Kopo, la maziwa, lenye kutu kidogo."

Ndugu Mhariri, ameorodhesha vyombo. Huo ndio utaratibu wa bohari: unaandika unachokiona siku ya kupokea, na siku ya kupokea kilichoonekana ni kikombe. Mbegu haikuonekana, ilikuwa ndani ya udongo. Mama alimuuliza, "Sasa hiki ni nini, Mzee?" Baba akakisoma kijiti, akakitazama kikombe, akasema, "Ni kikombe." Leo hii, ukiacha pilipili nilizozikalia mwenyewe, hakuna mtu nyumbani anayejua mche upi ni bilinganya, upi ni nyanya na upi ni kitu kilichokuja tu na udongo. Kinyozi anasema hii ni kabichi kwa hakika. Mpima ardhi anasema ni figili. Mama anasema zikizaa zitajitambulisha zenyewe. Mimi nikipita kwenye ujia nikielekea chooni naulizwa, "Wewe msomi, hebu toa neno."

7. KUHUSU KUPUNGUZA. Hapa ndipo makala yenu ilipoonyesha ukatili wake. Bwana Miche anaandika, bila hata kushusha pumzi, kwamba katika kila chombo ubakizwe mche mmoja wenye nguvu, na iliyobaki ikatwe kwa mkasi. Baba alikaa na mkasi huo siku nzima. Katika maisha yake ya kazi hajawahi kufuta mali peke yake. Hata koleo lililovunjika mpini lilifutwa na kamati. Basi akaitisha kamati. Yeye akawa mwenyekiti, Mama mjumbe, mimi katibu kwa sababu nina kalamu, ingawa zimo ndani ya soksi.

Mwenyekiti aliuliza nani anaunga mkono mche huu ufutwe. Hakuna aliyeinua mkono. Akauliza kuhusu mwingine. Mikono ikabaki chini. Mama akasimama: "Mimi natoka wodini nikipigania watu wapone, nije nyumbani nikate watoto? Tena huyu mdogo ndiye anayejitahidi kuliko wote." Ikaamuliwa kwa kauli moja kwamba hakuna atakayekatwa, na kila mche utafutiwe chombo chake. Nakuomba urudi kwenye lalamiko la kwanza uone maana yake. Vyombo vipya vilihitajika. Vyombo vina mtindi. Nimeunywa, Ndugu Mhariri. Juu ya meza yangu sasa hapatoshi kuweka hata kiwiko, na kitanda changu kimesogezwa mpaka nikijinyoosha miguu inagusa kabati.

8. KUHUSU RATIBA. Hili la mwisho ni dogo, na ndilo lililonifanya nichukue karatasi. Makala inasema kwamba kabla ya kuhamishiwa bustanini miche ianze kuzoeshwa nje kidogo kidogo, na mtu awepo kuilinda. Bustani yetu ni kipande cha ardhi nyuma ya jengo, tulichoruhusiwa na mwenye nyumba, na kuku wa kinyozi hushinda hapo. Baba ameshaandaa ratiba ya ulinzi, ameibandika kwenye mlango wa friji. Ina safu ya jina, safu ya zamu, na safu ya kazi ya mhusika, ili zamu zisigongane na kazi za watu. Mbele ya Mama ameandika: muuguzi. Mbele yake: mtunza bohari, mstaafu. Mbele yangu, kwa mwandiko uleule mzuri, ameandika: yupo.

Zamu zote za asubuhi ni zangu.

Nilisimama mbele ya friji hiyo kwa muda mrefu. Sikulia, mimi si mtu wa kulia mbele ya friji. Lakini nilielewa kwamba dirisha halikuchukuliwa kwa sababu ya jua peke yake. Lilichukuliwa kwa sababu chini yake, kwa macho ya baba yangu, hapakuwa na mtu anayefanya kitu. Mtu anayefikiri haonekani, sawa na mbegu siku ya kupokea, na lebo yangu imeandikwa siku hiyo.

Kutokana na hayo yote, naiomba ofisi yako mambo yafuatayo, na sioni kwamba ni makubwa:

Kwanza, mchapishe sahihisho, ukurasa uleule na kwa herufi zilezile, kwamba uchunguzi mpya umeonyesha miche hustawi zaidi chooni, gizani, mlango umefungwa. Najua si kweli. Lakini Baba anawaamini ninyi kuliko anavyoniamini mimi, na mimi nimeshajaribu njia ya ukweli.

Pili, Bwana Miche aje mwenyewe akae kwetu wiki moja. Atapewa mayai.

Tatu, mniandikie barua yenye mhuri wa gazeti, ya kumpelekea msimamizi wangu, ikieleza kwamba mwanafunzi huyu hajazembea bali amezidiwa na mboga. Na mhuri uwe mkubwa. Nakala yake nitaibandika kwenye friji.

Nakuomba unifikishie salamu kwa jamaa wote wa hapo ofisini: wapiga chapa, mchora katuni, yule anayetunga fumbo la maneno (namsamehe), mlinzi wa getini na mama anayewapikia chai. Wasalimu watoto wako ikiwa unao, na kama mmoja wao anapenda kukaa peke yake, tafadhali usimuulize ana nini. Bwana Miche naye msalimu, kwa shingo upande.

Ni mimi msomaji wenu wa benchi la wagonjwa,

Binti wa Mtunza Bohari,
ghorofa ya pili, juu ya duka la kinyozi.

NYONGEZA. Barua hii imechelewa kutumwa na ni lazima nieleze kwa nini. Niliiacha juu ya ubao wa pasi nikatoka kutafuta bahasha. Mama alikuja kunyoosha sare yake, akaisoma yote akiwa amesimama, kisha akampelekea Baba. Niliporudi kutoka maktaba kesho yake, nilikuta meza yangu imefutwa, dirisha liko tupu, na miche yote imehamishiwa kwenye ujia, sakafuni, imepangwa safu safu kando ya ukuta. Nikaingia. Nikafunga mlango. Nikaketi.

Baada ya muda nikasikia miguu ya kinyozi kwenye ngazi, na sauti ya Baba ikimzuia kabla hajagonga.

"Taratibu, bwana. Binti yangu yuko kazini."

"Kazi gani, Mzee?" kinyozi akanong'ona. "Mbona kimya?"

"Ndiyo yenyewe hiyo," Baba akasema. "Chukua chupa, shuka."

Sitakudanganya kwamba niliutamani ule msongamano nikashindwa kuandika. Niliandika kama mtu mwenye njaa. Sura ya mwisho imekwisha, msimamizi anayo. Lakini siku nilipoweka nukta ya mwisho na kufungua mlango, nilikuta miche yote, ya kila chombo, imelala upande mmoja. Mashina yamekuwa membamba, meupe, yamejivuta kuelekea mlango wangu kama watu wanaotega sikio. Najua ni mwanga uliokuwa ukipita chini ya mlango. Nimesoma. Baba alikuwa ameketi kwenye stuli katikati yake, anauegemeza mmoja kwa njiti ya kiberiti usianguke. Aliponiona alificha njiti.

"Hawajambo hawa," akasema haraka, kabla sijauliza. "Umemaliza? Kama hujamaliza rudi ndani."

Nimeirudisha yote dirishani kwa mikono yangu. Baba alitaka kusaidia nikamwambia asiharakishe ya pembeni. Inainuka, polepole. Wingu limeanza kufunga upande wa milimani na tunadhani itawahi mvua. Naandika nyongeza hii nikiwa mezani, karatasi nimeiweka juu ya goti, na kuna jani linanigusa sikio.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naomba malalamiko yangu yote uyahesabu kama hayajaandikwa, na sahihisho lile msilichapishe kabisa, Baba atalitii. Badala yake nina ombi moja. Kila mche sasa unadai chombo kikubwa zaidi, na mtindi mimi siwezi tena. Nimegundua kitu ambacho Bwana Miche hakukisema, mwambie: gazeti likizungushwa kwenye chupa na kukunjwa chini linatoa kikopo kizuri, na mvua ikija unakizika ardhini pamoja na mche wake bila kuusumbua mzizi. Tafadhali tutumieni nakala zenu zisizouzika, nyingi kadiri mchukuzi atakavyoweza kubeba. Ukurasa wowote tutaupokea kwa shukrani, ila mkiweza kuchagua, tuongezeeni kurasa za tahariri. Tumezijaribu. Ndizo zinazooza upesi kuliko zote.